Nani mwingine anajua? Uchambuzi wa kisa cha mgonjwa wa demensia aliyefichwa majibu yake

Kisa hiki nakitumia kufundishia vijana wanaoanza kliniki, na kila mara naanza kwa kuwaambia kwamba daktari aliyekosea humu ni mimi. Mambo kadhaa ya mgonjwa nimeyabadilisha ili asitambulike, na yeye mwenyewe aliniruhusu nisimulie wakati bado ana uwezo kamili wa kuamua hivyo. Makosa nimeyaacha kama yalivyokuwa.

Mgonjwa

Mama wa miaka 71, mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Alikuja na mumewe na binti yake mkubwa, na aliyeeleza shida alikuwa binti. Kwa muda wa miaka miwili hivi mama alikuwa anauliza swali lile lile mara tatu nne ndani ya saa moja. Bili moja aliilipa mara mbili. Siku moja alipotea akirudi nyumbani kwa njia aliyoipita miaka nenda rudi. Baba alikaa kimya mpaka nilipomuuliza, akasema, "Ni uzee tu, Daktari. Hata mimi nasahau." Mama alicheka, akasema watoto wa siku hizi wana haraka na kila kitu.

Tulifanya yale ya kawaida ambayo hayapaswi kurukwa. Tulipitia dawa zote anazotumia, maana dawa za usingizi, za mzio na baadhi ya zile za kibofu zinaweza kumvuruga mzee kumbukumbu. Tulimpima sonona. Damu ilipimwa homoni za tezi ya shingoni, vitamini B12, sukari, figo, ini, kaswende na VVU. Picha ya CT ya kichwa haikuonyesha damu iliyovilia, uvimbe wala alama za kiharusi. Ilionyesha ubongo uliosinyaa, zaidi upande wa ndani, usawa wa masikio, mahali kumbukumbu mpya zinapotengenezwa. Hakuna tulichopata ambacho kingetibika na kumrudishia kumbukumbu yake. Kwenye MoCA, kipimo cha maswali mafupi ya kumbukumbu na fikra, alipata 17 kati ya 30; kwa kawaida 26 na kuendelea ndiyo huhesabiwa kuwa sawa.

Kuna dakika moja ya kipimo hicho ambayo nitairudia baadaye. Nilimwomba achore uso wa saa, aweke namba zote, kisha mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi. Duara alilichora kwa mkono mmoja, safi, kama mtu aliyechora maduara ubaoni maisha yake yote. Namba zikakaa mahali pake. Penseli ikafika kwenye mishale, ikasimama. Sikio lilikuwa limesikia "tano" na "kumi", na mkono ukaenda huko huko: mshale mmoja kwenye 5, mwingine kwenye 10. Kwa anayesoma saa kwa Kiswahili, saa tano iko kwenye 11, na dakika kumi iko kwenye 2. Aliutazama mchoro kwa muda. Kisha akaufunika kwa kiganja, kama mwanafunzi anayeficha jibu lisionekane na jirani, akasema kwa sauti ya chini, "Hii nilikuwa naifundisha."

Nikasema, "Vizuri, tuendelee," nikageuza ukurasa.

Kwa jumla ya yote: ugonjwa wa Alzheimer, ule unaoharibu ubongo polepole, hatua ya mwanzo. Alikuwa bado anajihudumia, anasoma, anafuata mazungumzo na kutoa uamuzi wenye sababu. Kilichokuwa kimeanza kumshinda ni fedha, tarehe, na mambo mapya.

Mlangoni

Siku ya majibu binti aliniwahi mlangoni kabla sijawaita. "Daktari, chonde chonde, jina hilo usimtajie. Dada yake aliondoka hivyo hivyo, na mama ndiye aliyemuuguza. Akilisikia atakata tamaa." Nje palikuwa na foleni. Nilikubali ndani ya nusu dakika, na kwa muda mrefu baadaye nilijiambia kwamba nilikuwa naheshimu familia. Ukweli ni kwamba nilipata nafuu. Kuna mtu alikuwa ameniondolea kazi ngumu ya siku hiyo.

Ndani nikasema, "Mama, majibu si mabaya. Kumbukumbu imepungua kidogo, ni mambo ya umri. Nitakupa kidonge cha kuisaidia." Akauliza, "Kwa hiyo ni uzee?" Nikamjibu, "Tuseme hivyo." Alimgeukia binti yake. Binti alikuwa anatazama sakafu.

Mama alipopelekwa na muuguzi kupimwa uzito, nilisimama kwenye korido na baba na binti nikawaeleza kila kitu: jina, namna ugonjwa unavyokwenda, dawa, mambo ya kujiandaa. Nilieleza vizuri kabisa, kwa subira, kwa maneno mepesi. Yale maelezo yangekuwa mazuri sana kama yangemfikia mwenyewe.

Baada ya wiki sita

Walirudi kabla ya tarehe. Binti alikuwa amechoka. Mama amegoma dawa. Amekuwa mkali. Amebadilisha mahali pa kuweka kadi ya benki na hataki kusema ni wapi. Wakiongea wawili chumbani anakuja kusimama mlangoni. Anasema wanamsengenya, wana mpango juu yake. Binti aliuliza kama kuna dawa ya kumtuliza.

Hapa nataka msomaji wa fani atulie kidogo, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshaanza kuandika kwenye faili. Mgonjwa wa Alzheimer kudhani anaibiwa au anafanyiwa njama ni dalili inayojulikana sana, na neno la kitaalamu lilikuwa tayari kwenye ncha ya kalamu: dhana potofu. Ingefuata dawa ya kutuliza akili, ambayo kwa wazee wenye demensia, yaani hali ya akili kudhoofika inayoletwa na magonjwa kama Alzheimer, huongeza hatari ya kiharusi, kuanguka na hata kifo. Kalamu ilizuiwa na jambo dogo tu: nilijiuliza kama ni uongo. Je, hawakuwa wanamsengenya? Walikuwa wanaongea chumbani kwa sauti ya chini, habari ni yake, akiingia wananyamaza. Mpango juu yake ulikuwepo, na mimi ndiye niliyewapa kwenye korido. Akili iliyokuwa inapoteza mambo mengine ilikuwa bado inasoma nyuso za watu wa nyumbani bila kosa.

Niliwaomba wengine wakae nje. Alifungua mkoba, akatoa daftari la mistari, na kati ya kurasa zake kikaratasi chembamba kilichokunjwa mara nyingi: yale maelezo yanayokuja ndani ya boksi la dawa. Mstari mmoja ulikuwa umepigiwa wino mwekundu. Ni ule unaosema dawa inatumika kwa wagonjwa wa Alzheimer.

"Nimesahihisha madaftari miaka thelathini," alisema. "Mlidhani sitasoma?"

Sikuwa na jibu. Nilitegemea aulize kama ni kweli, au kama kuna tiba. Alichouliza ni hiki:

"Nani mwingine anajua?"

"Mumeo na binti yako."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya majibu."

Alikikunja kikaratasi kwenye mikunjo yake ya zamani. "Basi wiki sita wamekaa na habari zangu, mimi nimekaa na uzee."

Uchambuzi: nani tunamlinda

Aliyoomba binti si mambo mageni. Mwaka 1996 ulichapishwa utafiti mdogo wa Ireland uliowauliza ndugu 100 wa wagonjwa wa Alzheimer kama mgonjwa wao aambiwe. Ndugu 83 walisema hapana. Walipoulizwa kama wao wenyewe wangetaka kuambiwa siku ugonjwa ukiwapata, 71 walisema ndiyo. Namba hizo mbili nikizitaja darasani huwa pananyamaza, kwa kuwa kila mmoja anajitafuta yuko upande gani.

Wala madaktari hawana cha kuwacheka ndugu. Mwaka 1961 nchini Marekani, karibu madaktari 90 kati ya 100 walisema huwa hawapendi kumwambia mgonjwa kwamba ana kansa. Mwaka 1979 swali lile lile lilipoulizwa tena, 97 kati ya 100 walisema hupendelea kumwambia. Kansa ilitoka gizani ndani ya miaka 18. Demensia bado. Ripoti ya chama cha Alzheimer's Association ya mwaka 2015, ya Marekani pia, ilionyesha kwamba kati ya watu waliokwisha kubainika kuwa na Alzheimer, ni asilimia 45 tu ambao wao au walezi wao walisema wameelezwa; kwa kansa nne zinazoongoza ilikuwa zaidi ya asilimia 90.

Hofu kubwa ni kwamba mgonjwa ataporomoka. Utafiti wa 2008 uliowafuatilia watu 90 kabla na baada ya kuelezwa majibu haukuona sonona ikipanda, na wasiwasi kwa wengi ulishuka. Sioni ajabu. Mtu aliyekaa miaka miwili akiona vitu vinamponyoka ana maelezo yake kichwani tayari, na mara nyingi ni mabaya kuliko ya daktari. Mgonjwa wangu huyu, ambaye toka hapa nitamwita Mwalimu, alikuwa anadhani anarukwa na akili. Hata hivyo, hatari ipo: utafiti wa Uingereza wa 2022 ulionyesha kwamba uwezekano wa mtu kujiua huongezeka katika miezi mitatu ya kwanza baada ya majibu, kwa wagonjwa walio chini ya miaka 65, na kwa wenye historia ya ugonjwa wa akili. Kwangu hiyo ni sababu ya kumpigia simu ndani ya wiki mbili na kumuuliza waziwazi kama amewaza kujidhuru. Kumwacha agundue peke yake kwenye kikaratasi cha dawa hakumpunguzii hatari hiyo hata kidogo.

Alois Alzheimer alipomuona Auguste Deter huko Frankfurt mwaka 1901, mgonjwa ambaye kwake ugonjwa huu ulikuja kupata jina, mama yule aliyekuwa na miaka 51 anakumbukwa kwa kusema "nimejipoteza". Alijua. Historia yote ya ugonjwa huu inaanza na mgonjwa anayejua, na sisi tumekuwa tukienda kliniki tukijifanya hawajui.

Kosa la kwanza halikuwa mlangoni

Nilipokuwa mdogo kwenye kazi ningesema kosa ni kumkubalia binti. Sasa nadhani kosa lilitangulia, pale kiganja kilipofunika karatasi. "Hii nilikuwa naifundisha" lilikuwa ombi. Alikuwa amefungua mlango wa mazungumzo yenyewe, mbele ya kipimo, kwa maneno yake, na mimi nikageuza ukurasa kwa kuwa kipimo kilikuwa na maswali mengine. Ningesema, "Mwalimu, umeona nini hapo?" tungekuwa tumeshaanza, na siku ya majibu ingekuwa mwendelezo tu.

Jambo la pili nililoacha siku ile ni swali ambalo leo siruhusu kipimo kianze bila hilo: "Majibu yakitoka, ungependa nikueleze wewe mwenyewe? Na ungependa nani awepo?" Mgonjwa hujibu kwa urahisi wakati huo, kwa kuwa hakuna jibu la kuogopa bado. Jibu naliandika kwenye faili kwa maneno yake. Binti akinisimamisha mlangoni wiki mbili baadaye, sina haja ya kubishana naye, namwonyesha kilichoandikwa. Na wapo wanaosema, "Mwambie mwanangu, mimi sitaki kujua." Hiyo ni haki yao. Ila itoke kinywani mwa mgonjwa, na niiulize tena safari ijayo, maana watu hubadilika.

Kama swali halikuulizwa mapema na ndugu ameshakushika mkono mlangoni, kukataa kwa ukali hakusaidii. Anayekuomba ufiche ndiye atakayemuuguza. Nimezoea kuuliza, "Unaogopa nini hasa kitatokea akijua?" na kungoja. Binti wa kisa hiki, nilipomuuliza hatimaye, hakuogopa Alzheimer kwa jumla. Aliogopa miezi ya mwisho ya mama yake mdogo: kitanda, vidonda vya mgongo, kutotambua mtu. Kwake jina lile lilikuwa na picha moja, na aliamini mama yake anayo hiyo hiyo. Hofu ya namna hiyo inazungumzika. Kisha natoa ahadi mbili, na sibadilishi maneno: "Sitamlazimisha kusikia asichotaka. Lakini akiniuliza, sitamdanganya." Sijawahi kupata ndugu aliyekataa zote mbili.

Maneno

Hapa lugha yetu inahitaji uangalifu, na sijui kwa nini vitabu vya fani havikai zaidi kwenye jambo hili. "Uzee" ni neno la adabu, nalo linadanganya: wengi huzeeka bila kupata demensia. "Kurudi utotoni" linasemwa kwa upendo lakini linampokonya mtu mzima kiti chake. "Kupungukiwa na akili" ni tusi, hata likisemwa na daktari. "Ugonjwa wa kusahau" ndilo linalopendwa zaidi, na kwa siku ya kwanza linafaa, ila lina mtego wake. Familia ikishika kusahau peke yake, siku mama atakapokasirika bila sababu, atakapovaa nguo mbili juu ya nyingine au kushindwa kufuata maongezi ya watu wanne, watadhani anafanya makusudi, kwa kuwa hayo si kusahau.

Na kuna mkanganyiko wa majina mawili. Wengi huuliza, "Ni demensia au ni Alzheimer?" kana kwamba kimoja ni nafuu. Ninachosema ni kwamba demensia ni kama homa: ni hali inayoonekana. Alzheimer ni mmoja wa magonjwa yanayoileta, tena ndio unaoongoza, karibu visa 6 hadi 7 kati ya 10. Mengine yapo, yakiwemo yanayotokana na mishipa ya damu ya ubongo. Mfano wa homa hueleweka palepale.

Kwa Mwalimu, siku ile ya daftari, nilianza kwa kuomba radhi. "Nilikosea. Habari hizi zilikuwa zako kuzisikia kwanza." Sikueleza sababu za kukosea kwangu, zingekuwa mzigo mwingine wa kubeba. Nikamuuliza anajua nini kuhusu hilo neno alilolipigia mstari. Akasema, "Ni ule wa dada yangu?"

"Ndiyo, vipimo vinaelekeza huko. Ni ugonjwa wa ubongo unaoitwa Alzheimer. Unaharibu polepole sehemu inayohifadhi mambo mapya, ndiyo maana ya zamani unayo na ya asubuhi yanakuponyoka. Huchanganyikiwi, wala hakuna ulichokifanya ukauleta."

Nikanyamaza. Hiyo ndiyo sehemu inayowashinda wengi, na inanishinda hata mimi. Mdomo unataka kuongeza dawa, lishe, mazoezi, chochote. Nilishika kalamu kwa mikono miwili ili isitafute kazi. Alitazama dirishani kwa muda ambao kwenye foleni ungeitwa mrefu. Swali lake la kwanza halikuwa lolote kati ya yale niliyojiandaa nayo.

"Hesabu itaondoka lini?"

Nilimwambia tarehe hakuna anayeijua. Kwamba hesabu za fedha, zenye hatua nyingi, zimeshaanza kumsumbua na zitaendelea. Kujumlisha kwa kawaida kunaweza kukaa naye zaidi. Kwamba dada yake alimuona mwishoni, na yeye yuko mwanzoni, na kati ya hapo na pale huwa kuna miaka. Hakuuliza ni mingapi, nami sikumpa idadi. Kwa msomaji wa fani: kwa waliogunduliwa baada ya miaka 65, wastani unaotajwa ni kati ya 4 na 8, na wapo wanaofika 20. Idadi hiyo naitoa inapoulizwa tu, maana wastani ukimwangukia mtu ambaye hakuuomba anaubeba kama tarehe.

Viti, na neno "anakula"

Kisha tukawaita baba na binti, kwa idhini yake. Nilibadilisha viti. Kwenye kikao cha kwanza binti ndiye aliyekaa mbele yangu, mama pembeni karibu na kitanda, na ukisoma maandishi yangu ya siku ile utaona nilikuwa nauliza, "Analala vizuri? Anakula? Anakasirika?" Mhusika yupo umbali wa mkono na anaitwa "a-". Safari hii nilimweka Mwalimu kwenye pembe ya meza, magoti yetu yakikaribiana, binti upande wake na nyuma kidogo. Kila swali lilikwenda kwake kwanza. Binti alipotaka kujibu nilimwomba angoje, na nilipomwomba mara ya tatu baba alitabasamu kwa mara ya kwanza.

Mwalimu mwenyewe ndiye aliyewaambia. "Ninaumwa ule wa dada. Nyie mlijua." Binti alilia. Sikuingilia.

Tuliyopanga siku ile yalikuwa mambo ya kawaida, na mengi yasingewezekana bila jina kutajwa. Nani ataweka saini pamoja naye benki, na kwa maandishi yenye nguvu ya kisheria, wakati bado anaelewa anachosaini. Nani asemee matibabu yake siku atakapokuwa hawezi. Nani amsindikize safari ndefu. Dawa tuliianza upya, donepezili miligramu 5 kwa siku, na safari hii nilimweleza ukweli wake: haizuii ugonjwa, kwa baadhi ya watu husogeza mambo kidogo, na inaweza kuleta kichefuchefu, ndoto za ajabu au mapigo ya moyo kwenda polepole. Akaimeza. Dawa aliyoigomea ilikuwa ile yenye uongo.

Kuna dawa mpya za sindano, lecanemab iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023 na donanemab mwaka 2024, zinazopunguza kasi ya ugonjwa kwa kiasi kidogo, kwa walio hatua ya mwanzo tu, na kwa kufuatiliwa kwa picha za ubongo kwa sababu ya hatari ya uvimbe na kuvuja damu. Nazitaja kwa sababu moja: hatua ya mwanzo haingoji. Anayefichwa mpaka ugonjwa ukomae amefichwa pia uamuzi ambao muda wake umepita.

Ambapo ningefanya tofauti

Si kila mgonjwa ni Mwalimu. Yuko ambaye haoni kabisa kwamba ana shida, na hilo ni tofauti na kukataa kwa hofu: ubongo wenyewe umepoteza uwezo wa kujiona. Daktari wa neva wa Ufaransa, Joseph Babinski, aliipa hali hiyo jina mwaka 1914, anosognosia, kwa wagonjwa wa kiharusi wasiojua kwamba mkono wao umepooza. Kushindana na mtu wa namna hiyo ni kumtesa. Kwake husema, "Mimi naona kuna jambo kwenye kumbukumbu, wewe huoni, tukubaliane tupime tena baada ya miezi sita," na nguvu kubwa naielekeza kwa usalama na kwa mlezi. Mgonjwa aliye hatua ya mbele sana, asiyeshika sentensi mpaka mwisho, simpi somo. Namjibu anachouliza, kwa ufupi, kwa upole. Na mwenye sonona nzito au kuchanganyikiwa kwa ghafla kunakotokana na maambukizi, natibu hilo kwanza; jina la kudumu linaweza kusubiri.

Swali ninaloulizwa zaidi na ndugu ni hili: akisahau kwamba ameambiwa, tumwambie tena? Mwezi wa tano Mwalimu alimuuliza binti, "Hivi ninaumwa nini?" Binti akanipigia simu akitetemeka. Nilimshauri amsikilize anachouliza. Kama anauliza jina, ampe jina, sentensi moja, bila hotuba. Kama ameamka usiku na anauliza kwa woga, jina halitamsaidia. Amshike mkono, amwambie yuko nyumbani. Siku hiyo alikuwa anauliza jina. Binti akamwambia, na mama akajibu, "Aa, ndiyo. Niliandika," akaenda kulichukua daftari.

Daftari

Siku ya kikao chetu nilikuwa nimemwandikia nusu ukurasa kwa herufi kubwa: ugonjwa, dawa, namba ya kliniki, mambo tuliyokubaliana. Alikataa kuchukua karatasi yangu. Aliomba kalamu akayanakili mwenyewe, na mahali nilipoandika "mgonjwa" yeye akaandika "mimi".

Kurasa zilizofuata alizitumia anavyotaka. Ronald Reagan, aliyekuwa Rais wa Marekani, aliandika barua kwa mkono wake tarehe 5 Novemba 1994 kuwaambia Wamarekani kwamba ana Alzheimer. Sijui kama Mwalimu aliwahi kuisikia habari hiyo, lakini alifanya jambo la aina hiyo kwa kipimo chake. Mwezi wa nane alinionyesha ukurasa wenye kichwa "Wanaojua", kimepigiwa mstari kwa rula. Chini yake majina, yamepewa namba. Namba moja lilikuwa jina lake. Kisha mume, binti, mtoto wa kiume aliye mbali, mimi, rafiki mmoja wa zamani wa kazi. Alinieleza kila mmoja alimwambia lini na wapi. Tarehe mbili alizikosea.

Jina la namba saba lilikuwa limekatwa.

"Huyu vipi?" nikauliza.

"Alianza kunisemesha kama mtoto mchanga," alisema. "Nimemwambia nimepona."